Jibu Sahihi Nililolipa Sifuri

Nilimpa mwanafunzi wangu sifuri kwa jibu lililokuwa sahihi. Nililisoma jibu hilo mbele ya darasa ili lichekwe, na likachekwa. Baadaye nilipogundua kwamba yeye ndiye aliyepata na mimi ndiye niliyekosea, nilinyamaza. Nimestaafu nikiwa na jambo hili moyoni. Leo naliandika wazi, kwa sababu dhuluma niliyoifanya hadharani haitoshi kuiombea msamaha chumbani.

Kosa lenyewe linahusu mto Lena ulioko Siberia, mashariki ya mbali ya Urusi. Nilikuwa nafundisha Jiografia kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, na mada ya mito ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Lena niliujua kwa takwimu. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia kwamba una urefu wa takriban kilomita 4,400, kwamba bonde lake lina karibu kilomita za mraba milioni 2.5, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya eneo la Tanzania, na kwamba tangu chanzo hadi mdomo haupiti mpaka wa nchi nyingine. Ningekutajia mito mikubwa inayouingia: Vitim, Olyokma na Aldan kutoka kulia, Vilyui kutoka kushoto. Ningekueleza kwamba unaanzia katika milima ya magharibi ya ziwa Baikal, kilomita chache tu kutoka ufukweni, lakini hauchukui hata tone la maji ya ziwa hilo. Maji ya Baikal hutoka kwa mto mmoja, Angara, unaokwenda kujiunga na Yenisei. Jambo hilo nilipenda sana kulifundisha, maana wanafunzi wetu wanalijua ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, nalo pia hutoa maji yake kwa mto mmoja, Lukuga, unaoelekea Kongo.

Takwimu zote hizo zilikuwa za kweli, na ndizo zilizonidanganya. Kwa kuwa niliweza kuzitaja bila kufungua kitabu, nilidhani nimeuelewa mto.

Mimi ni mzaliwa wa miteremko ya Kilimanjaro. Kwetu, kupanda ni kwenda kwenye baridi na kushuka ni kwenda kwenye joto. Mtoto anayetumwa kupeleka mzigo juu karibu na msitu huvaa sweta, na anayeshuka tambarare hulivua kabla hajafika barabara ya lami. Mito yetu, Weruweru na Kikafu, hutoka kwenye ubaridi wa juu na kushuka hadi kwenye joto la tambarare, ikielekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Karibu na ikweta ndivyo mambo yalivyo: urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari ndio unaoamua kama utatetemeka au utatoka jasho. Sikuhitaji kusomea jambo hilo, nililijua kwa ngozi.

Ukweli huo wa nyumbani niliuchukua nikaupeleka Siberia bila kuukagua. Nilijiambia kwamba Lena unaanzia milimani, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kuishia baharini. Kwa hiyo juu ni baridi na chini ni joto. Kwa hiyo majira ya baridi yanapokwisha, barafu ya mto itayeyuka kwanza kule chini karibu na bahari, kisha kuyeyuka kutapanda polepole hadi milimani. Maji ya milimani yatakapoanza kushuka yatakuta njia iko wazi, na mto utabeba barafu yake baharini bila ghasia. Nikaandika hayo kwenye noti. Nikachora mto ubaoni, nikaweka mshale mrefu unaoanzia mdomoni na kupanda hadi kwenye chanzo, na kando yake nikaandika: mwelekeo wa kuyeyuka. Darasa zima likanakili.

Nilichosahau kilikuwa kimebandikwa ukutani, kwenye ramani ya dunia. Lena unatiririka kwenda kaskazini. Chanzo chake kiko karibu na latitudo ya 54, na mdomo wake, katika Bahari ya Laptev, umepita latitudo ya 72. Ni tofauti ya nyuzi 18, karibu kilomita 2,000 kwa kuhesabu kusini hadi kaskazini tu, mbali na mizunguko ya mto. Kule, kushuka na mto ni kwenda kwenye baridi. Mita elfu na kitu za mwinuko haziwezi kushindana na umbali huo kuelekea Ncha ya Kaskazini. Nilikuwa nafundisha Nile kila mwaka na kusema kila mwaka kwamba unakwenda kaskazini, lakini Nile hauna barafu, kwa hiyo mwelekeo wake haukuwahi kunilazimisha kufikiri.

Ukafika mtihani wa ndani. Swali nililitunga mwenyewe: Eleza jinsi barafu ya mto Lena inavyoyeyuka kutoka mdomoni hadi kwenye chanzo, na athari zake kwa wakazi wa kando ya mto. Alama ishirini. Darasa zima walinirudishia noti zangu kama nilivyowapa, na nikawapa alama zao. Kijana mmoja hakufanya hivyo. Aliandika kwenye mstari wa kwanza: “Swali hili limegeuzwa. Barafu haianzi kuyeyuka mdomoni, inaanzia kwenye chanzo.” Chini yake alichora mto kwa penseli, umesimama wima, mdomo juu ya karatasi na chanzo chini. Kushoto aliandika latitudo tatu: 54 kwenye chanzo, 62 kwenye mji wa Yakutsk, 72 kwenye delta. Kulia aliandika miezi: Aprili, Mei, Juni. Halafu akaeleza kwa sentensi chache kwamba kusini hupata joto kwanza, kwamba maji ya kusini yatateremka yakiwa yamebeba vipande vya barafu, na kwamba yatakuta kaskazini mto bado umefungwa. “Maji yatakosa pa kwenda,” aliandika, “kwa hiyo yatapanda kwenye makazi ya watu.”

Nakumbuka nilivyojisikia niliposoma. Sikujiuliza kama ni kweli. Nilichokiona ni maneno “swali hili limegeuzwa”, na nikaona kijana ananidharau. Nikakata mchoro wake kwa kalamu nyekundu toka kona hadi kona, nikaandika sifuri, nikaizungushia duara.

Siku ya kurudisha karatasi nilimsimamisha. Nikasoma mstari wake wa kwanza kwa sauti. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha hayo.

“Hakuna, mwalimu,” akajibu. “Nimeangalia ramani.”

“Basi,” nikamwambia, “ramani yako ikusahihishie mtihani.”

Darasa likacheka. Akakaa. Baada ya hapo sikumwona tena akinyoosha mkono katika kipindi changu. Wiki chache baadaye alileta barua ya kuomba kuhama kutoka mchepuo wa HGL kwenda wa HKL, aachane na Jiografia asome Kiswahili badala yake. Barua ilihitaji kauli ya mwalimu wa somo. Nikaandika kwamba sina pingamizi, na kusema kweli nilifarijika.

Yeye alikuwa ameshaingia kidato cha sita nilipokuta, kati ya magazeti na majarida ya zamani yaliyoletwa maktaba ya shule, makala kuhusu mafuriko ya Lensk. Huo ni mji ulioko kando ya Lena, katika jamhuri ya Yakutia, juu ya mto kutoka Yakutsk. Majira ya baridi ya mwaka 2000 kuingia 2001 yalikuwa makali mno na barafu ya mto ikawa nene kuliko kawaida. Mwezi Mei joto likaja huko kusini, barafu ikapasuka, ikaanza safari ya kwenda chini. Karibu na Lensk ikakwama. Maji yakajaa nyuma ya lundo hilo, yakaufunika mji, na nyumba nyingi zikabaki mapaa tu yanaonekana. Serikali ya Urusi ilituma ndege za kivita kuidondoshea barafu mabomu ili ifungue njia. Maelfu ya watu walibaki bila makazi, na mji ukalazimika kujengwa upya katika miezi iliyofuata. Mji huohuo ulikuwa umepata mafuriko makubwa mwaka 1998 pia.

Nikasoma makala hiyo nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikairudia. Maji yalikosa pa kwenda, yakapanda kwenye makazi ya watu. Hayo yalikuwa maneno ya kijana wangu, na mimi nilikuwa nimeyapigia mstari mwekundu.

Nikaanza kusoma kila nilichokipata. Katika sehemu za juu za Lena barafu hupasuka mwishoni mwa Aprili na mapema Mei. Yakutsk hupasuka katika nusu ya pili ya Mei. Kwenye delta, Juni huwa imeshaingia. Miezi aliyoiandika kijana yule kando ya mchoro wake ilikuwa ndiyo yenyewe, na aliipata kwa kufikiri tu. Barafu ya mto huwa na unene wa zaidi ya mita moja, na huko chini hukaribia mita mbili. Mabonge makubwa hutoka kusini yakisukumwa na maji ya theluji, yakafika mahali mto ulipofungwa, kwenye kona, kwenye visiwa au kwenye kina kifupi, yakapandiana na kubana hadi chini. Ni kama umati unaotoka uwanjani kwa kukimbilia lango ambalo halijafunguliwa: walio nyuma hawajui, wanaendelea kusukuma.

Kuna jambo jingine linaloongeza ukali, nalo pia sikuwahi kulifundisha. Sehemu kubwa ya bonde la Lena ni ardhi iliyoganda daima. Yakutsk wastani wa joto la Januari hukaribia nyuzi 40 chini ya sifuri, na hata kiangazi, chini ya tabaka jembamba linaloyeyuka, udongo umeganda kwa mamia ya mita. Katika miaka ya 1830 kisima kilichimbwa mjini hapo kupita mita 100, na chini yake bado palikuwa pameganda. Ardhi ya namna hiyo hainywi maji. Theluji iliyokusanyika miezi yote ya baridi inapoyeyuka, haina pa kuzama, yote hukimbilia mtoni kwa pamoja. Ndiyo maana karibu na mdomo Lena huwa mdogo kabisa chini ya barafu yake mwezi Aprili, na kufika Juni unapitisha maji makumi ya mara zaidi. Ongeza hapo mlango uliofungwa upande wa kaskazini, na utaelewa kwa nini watu wa kando ya mto ule huhofia majira ya kuchipua.

Nao hawakai tu kusubiri. Kabla ya kuyeyuka kuanza, sehemu ambazo barafu hupenda kukwama hushughulikiwa mapema. Barafu hukatwa kwa misumeno kwa mistari mirefu ili idhoofike. Juu yake humwagwa vitu vyenye rangi nyeusi ili ivute joto la jua na kuyeyuka haraka, na pale inapobidi hutumika baruti. Kazi zote hizo zina shabaha moja, kuufungua mto chini kabla maji ya juu hayajafika. Watu wa Yakutia hutumia fedha na jasho kila mwaka kujaribu kufanya Lena uyeyuke kwa mpangilio ule ambao mimi niliandika ubaoni kwamba ndio maumbile yake.

Niliona pia kwamba noti zangu zingefaa kwa mto mwingine. Volga unatiririka kwenda kusini hadi Bahari ya Kaspi, na huko kweli sehemu za chini ndizo zinazotangulia kufunguka. Lakini hata hapo sababu niliyotoa ingekuwa ya uongo. Volga hufunguka chini kwanza kwa kuwa chini ni kusini, si kwa kuwa ni bondeni. Yenisei na Ob, ndugu zake Lena wa Siberia, na Mackenzie wa Kanada, yote huenda kaskazini na yote huonyesha tabia ileile.

Hadi hapo nilikuwa na kosa la ujinga, na ujinga husameheka. Linaloniuma ni nililolifanya nikiwa nimeshajua.

Usiku ule nilifuta ule mshale kwenye noti zangu nikauchora upya, kutoka kwenye chanzo kwenda mdomoni. Darasa lililofuata nililifundisha vizuri kabisa, kana kwamba ndivyo nilivyofundisha siku zote. Na ubaoni nilichora mto uliosimama wima, latitudo tatu kushoto, miezi mitatu kulia. Mchoro ule haukuwa wangu. Wanafunzi waliupenda, mkuu wa idara aliyekuwa amekaa nyuma akiangalia kipindi akaniomba nakala, nami nikampa nakala bila kutaja mwenye nao.

Kijana mwenyewe alikuwa palepale shuleni. Nilikutana naye mara nyingi kwenye njia ya kwenda bwaloni. “Shikamoo, mwalimu.” “Marahaba.” Akapita, nikapita. Sentensi moja tu ingetosha. Sikuisema, na sababu zangu nazijua: niliogopa wengine wangedai alama zao ziangaliwe upya, niliogopa ofisi ya walimu ingesema nini, na zaidi ya yote nilikuwa nimeizoea heshima ya mtu asiyekosea. Husemwa kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi nililirudia kila aliponiamkia nami nikaitikia.

Baada ya kustaafu, wanafunzi wa zamani waliniingiza kwenye kundi lao la WhatsApp. Namba yake niliiona humo. Nilimpigia, nikaomba kumwona, nikasafiri hadi mji anakofanya biashara ya vifaa vya ujenzi. Alinipokea kwa heshima zote, akaagiza chai, akauliza habari za afya. Nikamweleza tangu mwanzo: swali, mchoro, sifuri, Lensk, noti nilizobadilisha kimyakimya, mchoro wake niliojichukulia.

Alikaa kimya kwanza. Halafu akasema jambo ambalo sikuwa nimelitegemea. “Mwalimu, mimi miaka yote nilijua kwamba nilikosea.”

Nilidhani anabeba uchungu wa kudhulumiwa. Kumbe hakuwa na hata huo. Aliniamini. Alitoka darasani siku ile akiamini kwamba aliangalia ramani vibaya, kwamba Jiografia haikuwa saizi yake, na kwamba kufikiri mwenyewe ndiko kulikomletea aibu. Akaniambia wenzake walimwita “Siberia” hadi alipomaliza shule. Mimi jina hilo nilikuwa nimelisikia mara nyingi na nikadhani ni utani wa vijana.

Nilimwomba msamaha, akanisamehe, na sitageuza msamaha wake kuwa sifa yangu. Aliniomba kitu kimoja: niwaambie wenzake waliokuwa darasani siku ile. Nikaandika kwenye kundi palepale mbele yake. Ameniruhusu pia kuandika haya, ila jina lake libaki kwake.

Nimejifunza nini? Kwamba mwalimu anayelinda noti zake anaweza kumfukuza mwanafunzi aliyeuelewa mto kuliko yeye. Kwamba kila tunachokijua kwa ngozi kina mahali pake. Baridi ya juu na joto la chini ni kweli Kilimanjaro, lakini ramani ya Siberia inadai tuanze upya kwa kuuliza mto unaelekea wapi na jua linafika wapi kwanza. Na kwamba mwanafunzi akikuambia swali limegeuzwa, jambo la kwanza ni kurudi kwenye ramani pamoja naye. Ingenichukua dakika moja. Ramani ilikuwa ukutani.

Wanafunzi wangu wa miaka ile, baadhi yenu leo ni walimu, na najua noti hupita mkono hadi mkono. Kama zangu bado ziko kwenye mafaili yenu, utafuteni ukurasa wa mto Lena, ukateni mshale unaopanda kutoka baharini, mchore unaotoka kusini kwenda kaskazini. Kisha waambieni watoto mnaowafundisha kwamba mwalimu wenu alikosea, na kwamba mwenzenu mliyemcheka ndiye aliyepata.